Beleshi Juu ya Paa la Ghala

Kajimachi, Yokote,
Mkoa wa Akita.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Wifi Michiyo,

Habari za huko Naha? Natumaini goti limetulia, dawa za presha unazimeza, na yule paka wa jirani yako Bi Higa ameacha kukuibia samaki. Sukari guru uliyotutumia ilifika salama. Nimeificha kabati la juu, la sivyo mdogo wako angeimaliza kwa siku mbili. Naoya na mkewe Kazuha hawajambo huko Saitama, na mjukuu wetu ameota jino la kwanza.

Hapo juu niliitupa kalamu, na imepita saa moja na nusu. Mwandiko utauona umebadilika. Usinicheke. Ningekupigia simu, lakini masikio yako hayaitaki tena simu, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyapigia kelele ndani ya nyumba hii.

Wifi, naogopa. Naogopa tangu Januari na hofu haijanitoka hata nikiwa kwenye maji ya moto ya kuoga.

Unalikumbuka Ghala lilivyokuwa mdogo wako Tetsuro alipolipata kwa wale wazee waliokuwa wakichachusha soya humo kuwa miso, akalifanya ukumbi wa muziki. Bado linanuka miso mpaka leo, hata magitaa yananuka. Na sheria yake unaijua: anayetaka kupiga muziki humo majira ya baridi, kwanza anapanda paani na beleshi. Hakuna fomu wala majaribio. Ukitoa theluji, una jukwaa. Miaka ile vijana ishirini walikuwa juu asubuhi, mabeleshi yakienda kwa mdundo mmoja, na mimi chini nachemsha supu ya nguruwe. Mpita njia akitazama paa letu tu alijua nani wanapiga wiki hiyo.

Siku hizi paani yuko mtu mmoja, naye ana miaka sitini na tisa. Onodera wa dramu amewekewa goti la chuma. Kudo wa gitaa la besi amehamia Sendai kwa binti yake. Vijana wapo, si haba. Bendi nne zitapiga kwenye sherehe yetu ya mwaka wa arobaini na mbili, Jumamosi tarehe 22. Ni watoto wazuri, wana adabu, wanaosha vikombe bila kuambiwa. Ila kila wanapofika wanakuta paa limeshasafishwa. Nadhani wanaamini theluji inashuka yenyewe kwa heshima ya muziki wa roki.

Na mdogo wako hawaambii. "Hakuna aliyewahi kuombwa kupanda," anasema. "Walikuja wenyewe. Nikianza kuomba leo, hilo si Ghala tena, ni ukumbi wa manispaa."

Mwaka huu theluji imetuonea. Paani ililala mita moja na nusu, na boriti zilikuwa zinalia usiku kucha. Jumamosi ile watakuwamo watu sitini chini ya paa hilo, kwa hiyo siwezi hata kusema liachwe hivyo hivyo. Vipaza sauti vya mtaa vinatukumbusha kila asubuhi: msipande peke yenu, jifungeni kamba. Mwezi uliopita Shibata muuza tofu alipanda peke yake kabla ya chai. Walijua alipofukiwa kwa kuona mpini wa beleshi umechomoza, na walikuwa wameshachelewa. Tofu ya soya niliyonunua kwake ilikuwa bado kwenye friji yetu, nikashindwa kuimeza na nikashindwa kuitupa.

Sasa nikuambie jambo nililoapa kutomwambia mtu. Mdogo wako akiwa juu, mimi hukaa jikoni mwetu, chini ya paa hilohilo, na dirisha nimelifungua kidogo, nasikiliza. Unamjua, hata karoti anakata kwa mdundo. Anachimba moja, mbili, tatu, nne, halafu anatupa. Nikisikia nne najua mume ninaye. Tarehe 26 Januari, saa nne asubuhi, nilisikia moja, mbili, tatu. Kisha kishindo, vyombo vikatikisika kabatini, na kimya.

Nilitoka na ndara za ndani. Nilifukua kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Nilikuwa naita, sijui hata niliita nini. Nilipogusa vidole vya mkono wake wa kushoto, vile vyenye sugu za nyuzi, vilikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Na hapo, wifi, badala ya kuendelea kufukua, nilikaa chini nikalia. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Sauti ikatoka chini ya theluji:

"Mama Naoya, utalia baadaye. Na usinikanyage vidole, bado navihitaji."

Alivunjika mbavu mbili. Watu wote wameambiwa aliteleza bafuni. Akaniapisha: "Ukipita mjini kuniombea watu, nafunga Ghala siku hiyohiyo." Naye si mtu wa kutishia bure, unamjua kuliko mimi.

Leo alisema anakwenda stesheni kununua nyuzi za gitaa. Nikakaa kukuandikia. Nilikuwa nimefika kwenye jino la mjukuu, nikasikia juu yangu: moja, mbili, tatu, nne.

Nilitoka mbio. "Baba Naoya! Nyuzi zinauzwa paani siku hizi?"

"Zimefunikwa na theluji, nazitafuta."

"Shuka! Mbavu zako zina wiki mbili tu!"

"Zimepona nusu. Nami nasafisha nusu ya paa."

"Basi jifunge kamba!"

"Niifunge wapi? Bomba la moshi limeoza, likishikwa linang'oka."

"Nifunge mimi!"

Sikujua nimesema nini mpaka nilipokuwa nimeshika ngazi. Alicheka hadi akajishika ubavu, kisha akaona napanda kweli, akaishika ngazi kwa juu. Mimi, wifi, ambaye hata kubadilisha taa kwenye kiti namwita mtu. Alinifunga kamba kiunoni, akaipitisha juu ya mgongo wa paa, akajifunga mwisho wa pili. Yeye upande wa kaskazini, mimi upande wa kusini. Hatukuonana. Nilichosikia ni beleshi lake, na kila kamba iliponivuta nililalia theluji. Mara akaniita kutoka ng'ambo:

"Mama Naoya, sheria unaijua. Umepanda, Jumamosi unapiga!"

"Nitapiga nini, sufuria?"

"Kifuniko chake!"

Nilicheka huku machozi yananiganda mashavuni. Nilimpenda sana dakika ile, nikamchukia pia.

Tumeshuka salama. Yeye amelala sasa, anakoroma, na dirishani naona theluji imeanza tena. Kufikia Ijumaa tarehe 21 paa litakuwa limejaa, na ameshapanga tupande tena, mimi na yeye, kwa furaha kana kwamba amepata mwanabendi mpya.

Ninakuomba umwandikie. Mama yenu alipofariki ni wewe uliyeuza kimono yako ya harusi ukamnunulia gitaa la kwanza, akiwa na miaka kumi na mitano. Mimi ananibishia, wewe hajawahi kukubishia. Barua zako zote ziko ndani ya mkoba wa gitaa lile. Usimwambie asipande, hatasikia. Mwambie aibandike mlangoni ile sheria ya zamani, kwa mkono wake: anayepiga Jumamosi, aje Ijumaa asubuhi na beleshi. Mwambie kuandika sheria si kuomba. Sema umeikumbuka tu wewe mwenyewe, mimi usinitaje.

Na je, akibandika wasije? Nimeliwaza hilo pale paani. Nadhani ndilo analoliogopa yeye, kuliko kuanguka, na ndiyo maana miaka yote hii hajauliza. Lakini mimi nawaona watoto wale wanavyoosha vikombe. Watakuja. Hawajawahi kuambiwa tu.

Onodera anakusalimu, yeye na goti lake la chuma. Naoya na Kazuha wanakusalimu sana. Nisalimie Bi Higa, na paka wake ukipenda. Nimewasha ubani mbele ya picha ya mama yenu, nikamwomba akulinde wewe kwanza, na akipata nafasi alitazame na paa letu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukusumbua,
Fumie

Nilisahau jambo moja. Kamba ile haijafungwa mahali pengine popote, ni kiuno changu na chake tu. Mimi nina kilo arobaini na sita, yeye ana sabini na moja. Tafadhali itume barua yako kwa njia ya haraka.