Arbuni ya Fahali Mwekundu

Kayanga, Jumamosi, Julai 1953

Jua lilikuwa kali, vumbi la mnadani limenijaa mpaka kwenye kope, na leo nampenda mume wangu, Baba Zuhura, kuliko jana. Jana sikumpenda hata kidogo.

Mwezi uliopita alichukua shilingi ishirini, nauli yangu ya kwenda na kurudi Mwanza kumwona mama anayeumwa, akampa Mzee Katunzi, mfugaji wa Isingiro, iwe arbuni ya fahali wake mwekundu. Walipatana hivi: mpaka jua la leo litue, Baba Zuhura ana haki ya kumnunua kwa mia na hamsini, bei ipande ipandavyo. Asipomtaka, Mzee anabaki na fahali wake, na arbuni hairudi. Aliniapia kwamba fahali atafika mia mbili, nami nitasafiri na zawadi za mama.

Nililia, wala sikujificha.

Leo tulitandaza kanga zetu mnadani kama kawaida. Mzee Katunzi akaja na fahali, tukamwamkia, akakaa kusubiri. Wanunuzi wakamzunguka yule mnyama, wakampapasa, na aliyepanda juu kabisa akaishia mia na sitini.

Baba Zuhura akashika kanga, akaanza kuzikunja. Akiumia huyu hukunja upya kanga zilizokwisha kukunjwa. Kisha akaninong'oneza kwamba mia na hamsini ukijumlisha na ishirini ni mia na sabini, sasa atamnunuaje ng'ombe wa kuuza mia na sitini? Bora amwache. Mzee Katunzi naye, kwa upole wake, akasema si vibaya, atarudi naye nyumbani. Kwake si vibaya, bila shaka.

Mimi si mtu wa hesabu, lakini hii niliiona. Zile ishirini zimekwenda, tununue tusinunue. Bei ingepita mia na sabini, hapo ndipo faida ingeanza. Ingeshuka chini ya mia na hamsini, tungemwacha na kwenda zetu. Lakini hapa katikati bado kuna kitu cha kuokoa.

"Baba Zuhura," nikamwambia, "ukimwacha unapoteza ishirini. Ukimchukua unapoteza kumi. Mchukue."

Alinitazama weee, kisha akacheka kwa aibu. Mnunuzi akalipa mia na sitini, Mzee akapewa mia na hamsini zake, tukabaki na kumi.

Njiani kurudi aliniwekea zile kumi kiganjani, akanifumba vidole.

"Hizi za kwenda," akasema. "Za kurudi sina, mke wangu. Nitakufuata mwenyewe."

Nimemsamehe palepale, Mungu anajua. Lori la Bukoba, ninakopandia meli ya Mwanza, linaondoka Jumatatu, na nguo zangu nimeshazifunga. Nitakaa kwa mama mpaka aje, na siku nitakayomwona anashuka melini, sitamuuliza nauli kaipata wapi.