Lalamiko la Theodory kwenye Simu ya Mzee Ngoitiko

Monica nimeharibu. Nimeharibu vibaya mno, niko nje ya ukumbi hapa Kilosa

Ile app ya wakulima na wafugaji kupeleka malalamiko kwa siri, leo tulikuwa tunaijaribu. Theodory wa Kidete akaandika la kwanza: "Ng'ombe wa Ngoitiko wamemaliza mahindi yangu." Akatuma, akatoka kununua maji. Halafu mzee Ngoitiko mwenyewe akafungua app kwenye simu yake

Moni, akakuta lalamiko la Theodory. Na jina. Jina kabisa!!

Ni ile laibrari yangu, ile programu niliyoandika ya kuunganisha app na seva. Si nilikwambia mtandao mzito, nikafanya simu zote zipitie muunganisho mmoja kwenda kwenye seva, badala ya kila moja kufunguliwa wake? Umefungwa vizuri, mtu wa nje hawezi kuchungulia. Ila sikufuta utambulisho wa aliyetangulia kabla ya kumpokea anayefuata. Seva ikadhani mzee ndiye Theodory

Mzee akasoma taratibu, akanionyesha. "Binti, si ulisema ni siri?" Nikaanza kumweleza habari za muunganisho. Muunganisho, Moni! Mzee wa watu akarudisha simu yake mfukoni

Akaondoka. Mlangoni akakutana na Theodory anarudi na maji yake, hana habari. "Shikamoo mzee." Mzee akapita. Hakuitikia. Hakuitikia, Monica

Seva nimeshaizima. Itasaidia nini? Theodory amesimama hapa pembeni yangu ananiuliza, "Yunis, kwani mzee nimemkosea nini?"