Senta Imekataa Majani ya Mama

Lynn, senta ya chai imekataa majani ya mama. Ya MAMA!

Karani alimwaga kikapu yote chini akauliza, "Mama, leo umetuma mtoto akuchunie?" Majani makubwa na vijiti tupu. Na ni yeye alifundisha kijiji mzima kuchuna majani mbili na chipukizi!

Kumbe mama aliacha dawa ya matone ya presha ya macho alipoanza miti shamba ya mzee Chepyegon. Na mzee alimwambia nikiwa hapo, "Yangu ni ya kusaidia tu, ya hospitali usiache."

Nikamuuliza mama kwa nini, akasema, "Niliogopa dawa mbili zitapigana mwilini."

Zitapigana, Lynn!

Daktari alishasema macho ikienda na huu ugonjwa hairudi.

Saa hii tuko shambani, mama ameshika mkono yangu. "Chepchirchir, nionyeshe chipukizi iko wapi."