Umemwazima Nani?

Mdogo wangu, Bwana Kwa Nini,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba lile jino lake limeshang'olewa, maana mara ya mwisho alikuwa akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Sisi hapa hatujambo. Mguu wangu bado unavimba nikikaa sana garini, lakini kazi ya kutahini madereva inaendelea, na wiki hii nimefelisha tisa, kwa hiyo utaona kwamba afya yangu ni nzuri. Shemeji yako anakusalimu na anauliza ile ngazi yake utairudisha lini.

Salamu zimekwisha. Sasa nagombana na wewe, kwa hiyo kaa chini.

Nimeumaliza mchezo wako wa simu, ule wa upelelezi ulionitumia niujaribu kabla haujatoka mwezi ujao. Nimeucheza mara tatu, na mara zote tatu nimeinuka nikiwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kula. Kwanza nikwambie ninachotaka, usije ukapotelea njiani: nataka usiutoe kama ulivyo. Yule mwizi wako, mwanamke wa kusafisha picha kwenye chumba cha giza, mwenye kilemba cha kijani na sauti ya chini, ni mama mdogo. Hata mtu aliyemwona mara moja tu atamtambua. Hukuniuliza mimi, wala hukumwuliza yeye. Na yu hai, mdogo wangu, ana watoto na wajukuu, na wote wana simu mikononi.

Sitaki niwe mchoyo wa sifa. Studio ya mama umeichora vizuri hadi nikasikia harufu ya dawa puani. Lile pazia jeusi, mabeseni matatu, picha zilizobanwa kwenye kamba zikichuruzika maji, kiti cha wateja chenye mguu uliofungwa waya. Kile kiti nilikitazama nikalia. Hadithi unaijua kuisimulia, hilo sikunyimi.

Lakini uliniita Mpelelezi Mkuu. Umeliandika hivyo kabisa, kwa herufi kubwa, nikajiona mtu. Nikaingia kazini. Kamera ya studio imepotea kabatini, na watuhumiwa ni wanne: fundi redio wa duka la jirani, bibi harusi aliyegombana na mwenye studio kuhusu picha zake, tarishi, na yule mwanamke wa chumba cha giza. Nikamkamata fundi redio kwa sababu sikuupenda mdomo wake. Msaidizi uliyeniwekea humo mchezoni akajikuna kidevu, akaniambia hapana, hebu tuangalie tena ushahidi. Nikarudishwa palepale nilipokuwa. Fundi redio akanisalimia kwa furaha kana kwamba sikumtia pingu dakika moja iliyopita! Nikamkamata bibi harusi mara nne, tena nikijua si yeye, nione tu kama kuna mtu atanikasirikia. Hakuna. Mume hakuja juu, mama mkwe hakupiga kelele, harusi ikaendelea na kidevu kikakunwa mara nne.

Maswali yako nayo ni kiini macho. Unanipa matatu nichague. Nikiuliza kwa upole, nikikaripia, nikinyamaza, jibu ni lilelile, neno kwa neno. Sasa nachagua nini? Umenikalisha kwenye kiti cha dereva ukanipa usukani ambao haujaungwa na magurudumu, halafu unanisifu kwa kukata kona.

Nilipokupigia simu ukacheka. Ukaniambia kwamba watu wanatoka kazini wamechoka, wameshindwa na bosi, wameshindwa na foleni, hawataki kushindwa tena na simu zao. Ukasema wenzako watatu mnaofanya nao kazi kwenye kile chumba juu ya duka la magodoro wamekubaliana kwamba kitu kikubwa ni hadithi, na mchezaji akikwama ataufuta mchezo. Ukanimalizia kwamba mimi nimezoea kufelisha watu, ndiyo maana naona utamu katika kufeli. Hilo la mwisho liliniuma, na nimelifikiria siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Haya, nisikilize na mimi. Mtu akigonga nguzo mbele yangu simwambii hebu tuiangalie tena nguzo. Namwambia ashuke. Wengine wanalia, wengine wananitukania ukoo. Lakini akirudi baada ya miezi, huyo mtu anaitazama nguzo. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Na aliyezuiwa asishindwe je? Huyo ni abiria, na wewe una mabasi mangapi?

Tena usiniambie habari ya hadithi. Kitabu kikinitajia mwizi ukurasa wa mwisho nakubali, kwa sababu hakikuniita mpelelezi, kiliniita msomaji. Mimi na kitabu tunaheshimiana. Wewe umenipa pingu. Mtu mwenye pingu mkononi lazima aweze kumfunga asiye na hatia, na lazima imgharimu, na lazima arudi nyumbani nayo. La sivyo unawafundisha watu kwamba kumshuku mtu ni mchezo, kumsingizia hakuna madhara, na ukweli utajileta wenyewe ukikuna kidevu. Ukweli haujileti, mdogo wangu. Nakwambia mimi ambaye nimeungoja miaka thelathini na moja.

Sasa nifike kwenye lile lililonikosesha usingizi na chakula. Ushahidi wako mkubwa ni neno moja. Mpelelezi anamwuliza yule mwanamke kamera iko wapi, naye anajibu, “Nimeiazima.” Hapo kioo kinang'aa njano, na chini panatokea kitufe kimoja tu kilichoandikwa “Amekiri.” Kimoja! Kwenye maswali ya upuuzi umenipa vitatu, na hapa, mahali pekee ambapo mtu mwenye akili angeuliza kitu, umenipa kimoja.

Neno hilo hukulibuni. Ulikuwa na miaka sita, umekaa chini ya meza na vigari vyako vya makopo, mama na mama mdogo wamesimama juu yako. Ulilisikia kwa masikio yako na umelihifadhi kama lilivyo, hongera. Ulisikia pia mama akifoka kwamba kamera yake inaazimwaje bila yeye kuulizwa, kwamba imeshauzwa, kwamba amefuga nyoka studioni. Ukaona sanduku la mama mdogo likitolewa mlangoni kabla ya saa sita mchana. Toka siku hiyo nyumbani kwetu akaitwa yule mwizi, na wewe ukakua ukijua hivyo, kwa hiyo kosa la kulijua hivyo si lako.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Sijui kama unajua anachofanya siku hizi: anachonga funguo. Ana kibanda kando ya stendi, mashine moja, ubao umejaa funguo mbichi zisizochongwa bado, na watu wanamwachia funguo za majumba yao wanakwenda sokoni bila wasiwasi. Nilikwenda ili nimwonye kuhusu mchezo wako. Nilipoanza kueleza nikajikanyaga maneno, kwa hiyo akanyoosha mkono akaomba auone.

Akavaa miwani, akacheza. Alipoingia studioni alisema kwanza kwamba beseni la katikati halikuwa na ufa. Akamkamata fundi redio. Akamkamata bibi harusi. Akamkamata tarishi. Kila mara akaambiwa hapana, hebu tuangalie tena ushahidi. Mwishowe akafika kwa mwanamke mwenye kilemba cha kijani, naye akatamka lile neno. Mama mdogo akapitisha kidole juu ya kioo, akakishusha chini, akakirudisha juu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaniuliza mtu anabonyeza wapi akitaka kuuliza. Nikamwambia hakuna pa kuulizia. Basi akakibonyeza kile kitufe kimoja, chini ya picha yake mwenyewe.

Simu yangu ikapiga tarumbeta. Ikaandika, “Hongera, Mpelelezi Mkuu! Umempata mwizi.” Karatasi za rangi zikanyesha kioo kizima. Mama mdogo akaifuta simu vumbi la chuma kwa kanga yake, akanirudishia, akasema hata humu hawakuuliza. Kisha akawasha mashine, kwa sababu kulikuwa na mteja.

Nilisimama pale nikiwa na hasira na wewe. Nilipokuwa naondoka ndipo nikagundua kwamba hasira ile haikuwa yako yote, na sehemu yako ni ndogo.

Lugha yetu ina ujanja wake. Kuazima ni kupokea, na kuazima huohuo ni kutoa. Mama alisikia kwamba mama mdogo amechukua. Mama mdogo alikuwa akisema kwamba ametoa. Swali lilikuwa moja tu, hata mtoto angeliuliza: umemwazima nani? Mama hakuuliza kwa sababu alikuwa amekasirika. Wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa mdogo, ingawa siku zote uliuliza kwa nini maji yana unyevu na kwa nini kuku hanyonyeshi. Na yule aliyekuwa hana haja ya kuuliza alikuwa amesimama mlangoni, mwenye sketi ya shule, akichambua maharage.

Aliniazima mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimbembeleza wiki nzima, nikamwapia kwamba ni siku moja tu, nikapige picha na wenzangu kabla hatujatawanyika. Mama alikuwa ameshakataza kamera isitoke studioni. Mama mdogo alikuwa na ufunguo wa kabati, na alikuwa ananipenda, basi. Niliiegemeza juu ya ukuta wa kisima cha shule ili na mimi niingie pichani. Ikateleza. Nilisikia ikigonga maji. Jioni nikamwambia mama mdogo kwamba iko kwa rafiki yangu na nitaileta kesho, naye akaniamini. Kwa hiyo mama alipouliza asubuhi, yeye hakudanganya. Alisema nimeiazima, akanitazama, akaningoja.

Aliningoja, mdogo wangu. Alijua mama ameapa kunitoa shule nikifanya kosa jingine, na mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja, kwa hiyo alitaka niseme mwenyewe. Nikaendelea kuchambua maharage. Aliningoja mama akifoka, akaningoja akifunga sanduku. Hata pale mlangoni aligeuka tena. Nilifaulu mtihani ule, nikapata kazi ya kuwaambia watu wazima kwamba wamefeli, na sijawahi kumwambia mtu mmoja kwamba mimi nilifeli siku ile. Mama ameingia kaburini akiamini nduguye ni mwizi. Mama mdogo alipokuja mazikoni mashangazi walimwambia akae nyuma, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikasikia na nikageuza uso.

Jumatatu nilirudi kibandani kuomba radhi. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Alisema yeye anajua tangu siku hiyo, kwa hiyo sina jipya la kumwambia, niende kwa wanawe ambao shuleni waliitwa watoto wa mwizi. Nimekwenda. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini nilingoja hadi mama yao atiwe kwenye simu za watu. Akanifungulia mlango nitoke, bila matusi, na afadhali angenitukana.

Basi ninalotaka ni hili. Weka kitufe cha pili. Kiandike “Umemwazima nani?” na usikipake njano, usikitilie mshale, usimtume mtu wa kukuna kidevu aje kukitaja. Atakayeuliza, aupate ukweli. Asiyeuliza, mwache akosee, na asirudishwe nyuma. Amwone mwanamke akitoka na sanduku lake, mlango ufungwe, mchezo uishe, pasiwe na tarumbeta. Aufute akitaka. Wenzako wakilalamika waambie dada yako amesema kuna watu wameishi na mwisho huo maisha yao yote na hawakupata pa kuufuta.

Na yule msichana wa mlangoni mchore. Nilikuwa mwembamba, nina mwanya, sketi imepinda pindo upande mmoja. Usinibadilishe sura kwa kunionea haya. Kama huwezi kuniweka mimi, basi huna haki ya kumweka yeye. Na kama baada ya barua hii hutaki kuniita dada, nitaelewa, ingawa nitaumia sana.

Msalimie wifi yangu, mwambie asukutue kwa maji ya chumvi. Msalimie na yule mwenzenu mchoraji, kazi yake ni njema. Mama mdogo pia anakusalimu. Amesema mchezo wako ni mzuri kwa mtu aliyejifunza mwenyewe, anatamani siku moja uje akuone ulivyokua, ila anaomba umpunguze kiuno, maana yeye hakuwa mnene vile.

Ni mimi,
Dada yako