Visigino Chini ya Pazia

Jumanne, 3 Juni
Maumivu: 7.
Nimekoka moto kwa mkono wa kushoto. Nimepika uji, nusu umemwagika. Kawaida. Daktari anataka namba kila siku mpaka siku ya dripu. Sifuri ni hakuna kitu, kumi ni kufa. Nikamuuliza, nikifika kumi nani ataandika? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Daftari ni la namba, lakini kurasa ni nyingi na zangu. Nitaandika ninachotaka. Mkono wa kushoto hauna mwandiko, kwa hiyo sentensi fupi.

Wa kulia umelala kwenye mto kama mgeni wa heshima. Umevimba, unang'aa, vidole vyekundu. Gunia la mawe ya dhahabu liliuangukia huko Geita, mwaka wa tatu huu. Mifupa iliunga. Mishipa ya fahamu ndiyo imeharibika, inapeleka maumivu hata pasipo kidonda. Upepo ukiupiga, moto. Kanga ikiugusa, moto. Na Juni ya Shinyanga ni upepo tupu.

Alhamisi, 5 Juni
7. Usiku 8.
Vipimo. Damu, presha, moyo. Kila kitu kizima isipokuwa mkono, na mkono hawakuupima. Dripu ya dawa ya maumivu ni Alhamisi ijayo. Daktari wa maumivu huja hapa kila baada ya wiki mbili, kitanda cha dripu ni kimoja. Ukikosa, unasubiri zamu nyingine.

Nesi mwenye miwani kanisomea masharti. Nisile kuanzia saa sita usiku. Maji mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Nivue pete. Nisijipake mafuta. Nije na ndugu, mtu mzima, atie sahihi, akae karibu na kitanda saa nne zote za dripu, maana dawa inachukua akili kidogo.

"Wengine wanaimba, mama. Wengine wanasema yote ya moyoni. Akiwepo mtu wako huwezi kuogopa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ijumaa, 6 Juni
7.
Ndugu gani? Dada yuko Kagongwa, miguu yake mibovu kuliko mkono wangu. Nyamizi, mwanangu wa pekee, yuko Geita, kajifungua juzi tu. Jirani yangu Mama Zuhura kajitolea. Ana moyo mzuri na mdomo wa redio. Nikisema ya moyoni mbele yake, mtaa mzima wa Kambarage utakuwa nayo kabla dripu haijaisha. Bahati nzuri si ndugu, hawezi kutia sahihi.

Jioni Nyamizi kapiga simu. "Mama, atakuja Masanja."

Masanja ni mume wake. Mkwe wangu.

Jumamosi, 7 Juni
8. Sijalala.
Mkwe! Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja. Hatushikani mikono. Hatuli sahani moja. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Jina lake silitamki kwa sauti. Naliandika kwa sababu daftari halina masikio. Miaka miwili tangu amwoe Nyamizi sijamtazama usoni. Namjua kwa viatu. Leo aje akae kitandani kwangu, anione natokwa mate?

Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba sikumtaka. Ni mchimbaji. Baba Nyamizi alishuka kwenye duara, shimo la dhahabu, asubuhi ya kawaida kabisa, likamfukia. Tulimtoa siku ya tatu. Nikalea mtoto kwa kuponda mawe. Mtoto akakua, akaniletea mtu mwenye vumbi lilelile kwenye nywele. Wajomba wakakubali. Mimi nikanyamaza. Miaka miwili yote niliyoyanyamazia yako hapa mdomoni, na Alhamisi wananipa dawa ya kulegeza ulimi.

Nimemwambia Nyamizi hapana. Kanijibu, "Basi kaa na mkono wako." Kakata simu. Hasira hizo kazichukua kwangu.

Jumatatu, 9 Juni
9.
Jogoo mwekundu karuka ukutani, bawa limepita juu ya vidole. Nimepiga kelele mpaka Mama Zuhura kaja mbio na mwiko mkononi. Nimekaa chini nikalia kama mtoto. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Nimechoka kuubeba mkono huu, kuupisha mlangoni, kuukeshea. Ningekuwa na panga na ujasiri ningeukata.

Nimempigia Nyamizi. Mumewe aje.

Jumatano, 11 Juni
8.
Kafika. Kasimama nje ya uzio, uso kageuzia barabarani. "Shikamoo, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nimeitikia marahaba nikiwa jikoni. Viatu vyeusi, soli imegundishwa. Kaenda kulala gesti, ndivyo inavyotakiwa.

Mkwe akija, kuku anachinjwa. Sikuchinja. Nikasingizia mkono. Mama Zuhura akasema yeye atachinja. Nikasema jogoo ni wa mbegu. Kapelekewa wali maharage. Najua ni aibu. Nimechoka hata kuona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
8. Tumbo tupu.
Tumekwenda kwa bajaji mbili, yake mbele, yangu nyuma. Nikakaa kwenye benchi la wodi. Aliponiona nimekaa pale, akapisha. Kapisha kweli: kazunguka mpaka nyuma ya jengo, wanakoanika mashuka.

Nesi kaja. Ndugu yako? Nikasema yupo. Yuko wapi? Sijui. Namba yake? Sina, mkwe nitampigia nimwambie nini? Jina lake nani? Nikatazama sakafu. Nesi kanitazama kama vile akili imeshatoka kabla ya dawa. Kasimama mlangoni akaita kwa sauti, "Ndugu wa Mama Nyamizi!" Mara tatu.

Masanja alisikia. Kakiri mwenyewe kwa mkewe. Alisikia zote tatu, lakini mlango alioitiwa ndipo nilipokaa mimi, akaona kupita mbele yangu ni kunivunjia heshima. Akasubiri mtu aje amfuate. Hakuna aliyekuja. Saa tano kitanda akapewa mzee mwingine.

Wiki mbili nyingine. Tumerudi kwa bajaji mbili. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, maana hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Ijumaa, 20 Juni
8. Jana 8. Juzi 8. Nilikuwa nimeacha kuandika, namba ni ileile.
Masanja yuko Geita, kashuka shimoni. Nyamizi anasema atarudi tarehe 25. Dada kanipigia kutoka Kagongwa, nikamweleza yote. Kasikiliza, kasema hospitali kuna pazia. Mkwe akae upande wa pili, ageuze mgongo, nesi aambiwe mapema. Basi. Dada alikuwa na jibu hili tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 25 Juni
8.
Kaja. Shikamoo, marahaba, gesti. Maharage tena.

Pete ya marehemu iko kidole cha kushoto, na mkono wa kulia hauwezi kuivua. Mama Zuhura kaivua kwa sabuni. Kidole kimebaki na alama nyeupe. Sikuwahi kuivua tangu tumzike.

Mungu anizibe mdomo kesho. Mkono awaachie madaktari.

Alhamisi, 26 Juni
4.
Kichwa kinaelea. Siandiki.

Ijumaa, 27 Juni
4. Nimehesabu mara mbili, ni 4.
Ninachokumbuka: sindano. Matone. Pazia la kijani, na chini yake viatu vyeusi, visigino vikinitazama. Kageuza mgongo kama tulivyokubaliana. Dari likaanza kupumua. Mkono ukawa wa mtu mwingine, mbali huko. Nikatazama tena chini ya pazia, visigino havipo. Nikajua kaondoka. Nikasema moyoni, haya, si nilijua. Baada ya hapo giza.

Usiku, nyumbani, Mama Zuhura kalala ndani na mimi. Masanja kakaa nje kwenye kiti mpaka asubuhi, maana nesi alisema mgonjwa asiachwe peke yake mpaka kesho yake. Kaondoka kabla sijatoka nje.

Nimemuuliza Nyamizi kwa simu, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: je, nilisema kitu? Kamuuliza mumewe. Jibu limerudi: "Mama alilala tu."

Nimeshusha pumzi. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 30 Juni
5. Na aibu, ambayo hawaipimi.
Nimekwenda kupima presha. Nesi mwenye miwani kuniona tu kaanza kucheka. "Mama, una maneno wewe!"

Nikamwambia, si nililala? Kasema labda dakika kumi za mwisho. Kanieleza yote huku akinifunga kile kitambaa cha presha. Nilimwambia Masanja atamwacha mwanangu mjane. Nilimwambia ananuka kaburi. Nilimwambia kichanga kile kitajifunza kutembea msibani. Nilimwambia sikumtaka, sikuwahi kumtaka, atoke. Saa nzima na zaidi. Wagonjwa wengine walikuwa wanasikiliza.

Na yeye?

"Kila ukimaliza anasema, 'Ndiyo, mayu.' Hakugeuka hata mara moja."

Nikasema aliondoka, niliona mwenyewe miguu haipo. Nesi kakataa. Upepo ulikuwa unaingia dirishani, ukipiga mkono nalia katikati ya matusi. Dirisha huwa hawalifungi, wodi inahitaji hewa. Masanja alipita pembeni ya ukuta, kichwa chini, akasimama dirishani, mgongo kwangu, akaziba upepo kwa mwili wake. Walimletea kiti, kingempunguza urefu, akakataa. Alisimama hapo mpaka dripu ikaisha.

Presha yangu ilikuwa juu. Nesi karudia kupima. Ilikuwa juu tena.

Jumanne, 1 Julai
5.
Sikutoka ndani. Niliyoyasema ni kweli, nayaogopa mpaka leo. Lakini hayakuwa ya kumwambia mtu aliyesimama vile. Sijui nitayarudishaje. Mkwe huwezi kumwita ukamwomba radhi. Hakuna njia yake.

Nyamizi kapiga. Kasema Masanja anauliza dripu ya pili ni lini, aombe ruhusa mapema kwa wenzake wa shimoni. Nikamuuliza, kasema hivyo mwenyewe? Kasema ndiyo, mama, kwani vipi? Hajui kitu. Hajamwambia hata mkewe.

Nikasema tarehe 10. Nikasema pia, mwambie safari hii asile njiani.

Alhamisi, 3 Julai
4.
Asubuhi tulivu, upepo haujaanza. Pete nimeirudisha, Mama Zuhura kanisaidia. Kaniuliza mbona jogoo nimemfungia bandani. Nikamwambia anenepe, amebakiza wiki moja. Akanitazama, akaelewa, na mara hii hakusema kitu.

Nimechota pumba kwa mkono wa kulia. Kidogo tu, za kujaza kiganja. Zimechoma. Nimemtupia jogoo, akala.