Zamu ya Jumanne

Gisenyi, Jumatano mchana

Verediana, mukecuru wangu, kikongwe mwenzangu,

Nianze na habari za kikundi, maana ndizo ungeziuliza kabla hata ya kuniuliza kama goti linaniuma. Tumebaki wazee kumi na mmoja. Mzee Fransisko bado ndiye mshika daftari la zamu, bado anavaa miwani ile iliyofungwa uzi, na kila Jumatatu anatusomea majina kwa sauti ya mtu anayehesabu askari. Ukumbi wa parokia umepakwa chokaa upande mmoja, chokaa ikaisha. Wajane vijana wanaokuja Alhamisi tuwafundishe kusuka wameongezeka, na mikeka yao sasa inatazamika. Kwaya yetu ya wazee ndiyo iliyokufa. Hatukukaa tukaamua. Ulipoondoka hakuna aliyeanzisha wimbo, na sisi wengine tunajua kuitikia tu.

Najua hukujua kusoma. Barua zako zote kutoka Goma nilikusomea mimi, nawe ukinikatiza: "Rudilia pale, Mwalimu, pole pole, usikimbie kama voiture barabarani." Hii pia nitakusomea mwenyewe, kwa sauti, mlango nimeufunga, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nimetembea nalo miezi miwili. Nitalifikia, nivumilie kidogo.

Sisi wawili hatukuwa na sababu ya kukaa benchi moja. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe na masanduku mawili, baada ya kuitwa mkimbizi tangu usichana wangu. Wewe ulirudi miaka miwili baada yangu, kutoka kambini Goma, huna hata sanduku. Nilipokimbia mimi, ninyi mlibaki. Niliporudi mimi, ninyi mlikuwa mmekimbia. Mji mzima ulikuwa hivyo, watu wanapishana mlangoni bila kusalimiana. Na Kinyarwanda chetu kilitutangaza kila tulipofungua kinywa, huyu katoka wapi, yule katoka wapi. Ndiyo maana tukashika Kiswahili. Wewe ulikiokota sokoni ukiuza sambaza, dagaa wa ziwani, mimi nilikitoa shuleni nilikofundisha watu wazima kuandika. Ndani ya Kiswahili tulikuwa vikongwe wawili tu, basi. Siku ya kwanza ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema: "We Mwalimu, Kiswahili yako imevaa kravati shingoni." Tangu hapo hakuna aliyeniita Generoza.

Padri alitangaza tu kwamba wazee wenye nguvu ya kutembea waje ukumbini Jumatatu, wasishinde nyumbani wakiongea na kuta. Mimi nilidhani tutaimba na kunywa chai. Wewe ndiye uliyesimama ukasema kuna watu hospitali hawana wa kuwagemurira. Kila mtu pale alielewa. Mgonjwa wa kwetu anakula anacholetewa na watu wake, na asiye na watu anatazama wenzake wakitafuna. Mwaka ule barabara za Busasamana na Cyanzarwe zilikuwa za risasi. Wagonjwa walikuwa wakishushwa mjini na gari la jeshi, ndugu zao wamebaki mlimani, au hawako tena. "Mi naweza chemsha viazi," ulisema. "Kuchemsha viazi haiombi diploma."

Sikuwahi kukuambia kazi ile ilinifanyia nini. Nina miaka sitini na tatu. Nilirudi kwenye nchi ambayo hakuna mlango uliokuwa ukiningoja, na ghafla kila Jumanne kuna mtu kitandani anageuza shingo kutazama kama nimefika. Nilikuwa napiga pasi kitenge kwa ajili ya Jumanne. Ungejua ungenicheka wiki nzima.

Na ile kanuni yako, kwamba mgonjwa haulizwi alikuwa wapi miaka ile ya mauaji. "Muulize kama anataka chumvi, yamekwisha." Niliifuata. Sikuipenda, lakini niliifuata, mpaka ulipoleta habari ya gereza.

Ilikuwa Jumatatu ya mvua. Ukasema gerezani wamejaa wazee wenzetu, wengine hakuna anayewaletea hata kiazi, tuwaandike kwenye daftari, siku ya kupeleka ni Ijumaa. Nusu yetu tulikuwa na watu wetu ndani ya gereza lile, na nusu tulikuwa na watu wetu ndani ya ardhi. Mimi unajua niko wapi. Dada yangu aliyebaki sisi tulipokimbia, aliyeolewa Nyundo, nilirudi sikumkuta yeye, wala mume, wala mtoto hata mmoja. Nilioneshwa mahali nyumba yao ilipokuwa, pamepandwa maharagwe. Nikasema mimi siwapikii wauaji.

Ukanijibu taratibu, "Mwalimu, kaka yangu Siprian iko mule."

Mwaka na nusu tulikaa benchi moja, hukuwahi kumtaja. Nikakuuliza alifanya nini. "Sijui. Sikukuwa pale. Hawajamuhukumu. Siwezi sema ndiyo, siwezi sema hapana. Ni kaka yangu, iko na njaa." Mimi nikasimama, mbele ya watu wote, nikasema kumbe ndiyo maana unapenda sana kubeba sufuria, unasafisha damu ya kaka yako kwa maji ya viazi. Maneno yangu hayo, neno kwa neno. Fransisko alivua miwani. Wewe ulijitanda kitenge ukatoka, na mvua ile, na mguu wako ule mbovu.

Jumamosi yake ukalazwa. Kifua. Fransisko alipita nyumba kwa nyumba akipanga zamu zako. Jumapili akapewa mama wa sokoni, Jumatatu akachukua yeye mwenyewe. Jumanne hakuniuliza, aliandika tu. Jumanne ilikuwa yangu siku zote.

Sasa nimefika, Verediana.

Nilipika. Nataka ujue kwamba nilipika. Viazi na maharagwe, mchicha wa dodo kidogo, na uji wa mtama kwenye chupa kwa sababu nilisikia humezi vizuri. Saa tano asubuhi sufuria ilikuwa imefungwa kitambaa. Nikakaa kitandani, sufuria miguuni, nikasema moyoni: mwache anisubiri kidogo. Hivyo tu. Sikutaka ushinde njaa, nilitaka utazame mlango mara mbili tatu ujue na mimi nimeumia. Saa sita ikapita. Saa nane nikasema nitakwenda na chakula cha jioni. Saa kumi mvua ikashuka, nikafurahi imenipa sababu. Saa kumi na moja nikafungua kitambaa nikala chakula chako. Nilikimaliza. Nikaosha sufuria, nikaifudikiza pale inapokaa siku zote.

Fransisko alikuja asubuhi kuniambia kwamba umekufa usiku. Alipouliza kama jana nilikukuta unaongea, nilijibu sikufika, askari walifunga njia, kulikuwa na milio ya bunduki. Akaitikia kwa kichwa. Nani angeshangaa? Miezi ile risasi ilikuwa sababu ya kila kitu. Nikaurudia uongo huo kwa padri, na kwa wanakikundi, na makaburini kwa watu waliokuwa wakinipa pole kwamba sikuwahi kukuaga.

Nesi aliyekuuguza alisema moyo wako ulikuwa umechoka kabisa, kwamba hata ungekula ungekwenda siku ileile. Alitaka kunituliza. Kisha akaniongezea jambo, akitabasamu, kwa kuwa yeye aliliona zuri. Akasema binti wa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuletea sahani mara mbili, mchana na jioni, ukamrudishia. Ukamwambia: "Yangu iko njiani. Leo ni siku ya Mwalimu."

Nina aibu, Vere. Naandika neno hilo na bado naona ni dogo. Ulikuwa umetukanwa na mimi mbele ya watu, na bado ulinitegemea kuliko saa ya ukutani.

Jumatatu baada ya mazishi Fransisko akafungua daftari, akasoma zamu kama kawaida. Akafika chini ya ukurasa akasita. Kumbe ulimfuata kwake baada ya ugomvi wetu ukamwomba akuandike peke yako, kikundi kikatae kisikatae: Ijumaa, gereza, Verediana. Alisoma "Ijumaa, gereza," akaishia hapo. Hakuna aliyeinua macho. Nikasikia mdomo wangu unasema, niandike mimi. Watu waligeuka kunitazama kama nimepandwa na homa. Fransisko akaandika. Hata hivyo usinipambe kwa hilo. Haikuwa huruma. Nilikuwa silali, nikadhani nikibeba sufuria nitalala.

Ijumaa ya kwanza nilipanga mstari na wanawake wa gereza, kila mmoja na chombo chake kichwani. Mlangoni askari akaniuliza mimi ni nani wa Siprian. Ningeweza kusema jirani, ningeweza kusema mtu wa parokia. Nikasema, "Nimetumwa na dada yake." Sufuria ikaingia, ikarudi tupu, imeoshwa, na salamu: anasema asante, mshukuruni dada. Hapo ndipo nilipojua kwamba hajui. Na angejulia wapi? Kwenu hakuna mwingine aliyerudi hai. Niliondoka nikijiambia Ijumaa ijayo nitawaeleza.

Ijumaa iliyofuata salamu zikaja kwamba dada apunguze chumvi. Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani. Ameua, hajaua, na bado anachagua chumvi. Halafu wiki iliyofuata nikaipunguza. Ijumaa nyingine akauliza kama mguu wako umepona, na kwa nini huji mwenyewe, au unamwonea haya. Askari ananisomea maneno haya huku ameshika sufuria mkononi, anangoja jibu. Nikasema mguu bado unasumbua. Unaona ninavyoendelea? Nimekufanya hai kule ndani. Nimekupa hadi ugonjwa mwingine.

Ijumaa iliyopita sufuria ilirudi na kitu ndani yake. Kata ya kubebea mzigo kichwani, ya majani makavu ya mgomba, imesokotwa kwa mkono wa mtu aliye na muda mwingi. Askari akasema: "Mzee anasema hii ni ya dada yake, ile ya zamani lazima imekwisha." Nimeijaribu hapa nyumbani. Hainikai. Imepimwa kwa kichwa chako, amekumbuka ukubwa wake bila kukuona miaka yote hii.

Nimekaa nayo mezani tangu Ijumaa, nikaelewa kitu ambacho mtu mwingine angekielewa siku ya kwanza. Mule ndani kuna mzee anayehesabu siku mpaka Ijumaa akimtazamia dada yake mlangoni. Anamsubiri mtu asiyekuja, na ninayemsubirisha ni mimi. Nimewafanyia hivyo watoto wawili wa mama mmoja.

Sijui Siprian alifanya nini. Nikikuambia kwamba moyo wangu umekuwa mweupe kwake nitakuwa nimekuongopea tena, na uongo umeshatosha. Nina swali langu juu ya Nyundo, na kama ana lolote analolijua nitamuuliza, siku yake ikifika. Lakini siwezi kumdai mtu aniambie alichokifanya huku nimeficha cha kwangu nyuma ya risasi ambazo hazikupigwa.

Keshokutwa ni Ijumaa. Nitaomba kumwona kwa macho. Huwa wanatoa dakika chache, wafungwa wamesimama huku, sisi kule, kila mtu anapaza sauti kumshinda mwenzake, kwa hiyo nitalazimika kusema kwa nguvu na wanawake wote wa mstarini watasikia. Na wasikie. Nitamwambia umekufa. Nitamwambia ilikuwa Jumanne, na chakula kilikuwa kimepikwa, na zamu ilikuwa ya nani, na nani alikila. Nitamrudishia kata yake. Akiikataa sufuria yangu baada ya hapo, ni haki yake, lakini nitaendelea kuifikisha mlangoni kila Ijumaa mpaka atakapohukumiwa au mpaka miguu yangu ikatae. Jumatatu nitasimama ukumbini, palepale niliposimama siku ile, niwaambie na wenzetu.

Sikuombi unijibu, na sikuombi msamaha leo, nitaanza na kaka yako. Nakukumbuka, mukecuru. Nakukumbuka hata ninapochagua maharagwe, hata padri anapohubiri kwa muda mrefu na hakuna wa kunikanyaga mguu tucheke.

Lala salama, Verediana. Ijumaa nitatoka nyumbani mapema.

Wako,
Mwalimu