Nimeona Kidole Tu

Uvira, Ijumaa. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na haijachoka mpaka sasa. Ziwa linakoroma nyuma ya nyumba kama mtu anayeburuza meza.

Nimevaa kitenge changu cha ushahidi toka asubuhi, na sijatoka nje.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua, mimi ni mama wa enjeniere. Nimeshasema na nitasema tena, kwa sababu uchungu wa kumzaa niliusikia peke yangu. Byamungu, mwanangu wa kwanza, iko Kinshasa, na kazi yake ni kuingiza watoto wa inchi hii ndani ya mashine. Zamani mtoto akizaliwa aliandikwa katika kitabu kikubwa kwenye biro ya komine, ofisi ya serikali ya hapa mtaani. Vitabu vile vililiwa na mchwa, na walichoacha mchwa, maji ya ziwa yalikimaliza siku yalipopanda. Nawajua vijana wa hapa kwetu waliofika kwenye mtihani wa serikali wakaambiwa hakuna mahali wamezaliwa. Sasa mtoto anaandikwa kwa telefone, na hata biro yote ikizama, jina lake linabaki. Hiyo ni kazi ya mwanangu. Si yake peke yake, wako wengi. Lakini mimi nilizaa huyo.

Hata ukurasa huu ni yeye alinifungulia. Aliniambia, Mama, andika, utapunguza kuongea na kuku. Basi naandika. Na kuku naongea nao.

Sasa hicho kitenge. Kabla ya mashine, mtoto hakuandikwa bila mashahidi wawili, na mashahidi wa mtaa wetu tulikuwa mimi na jirani yangu Mama Zuhura, mjane wa muuza vitambaa. Sisi tulijua kusaini. Mimi nilifika darasa la sita kule Lubarika, na saini yangu iko na mkia mrefu unaorudi nyuma ukapita chini ya jina lote. Kuna watu wa diplome hawana saini kama ile. Tulivaa vitenge vyetu, tukaenda kwa miguu pamoja na baba, mama na mtoto, na jina likitamkwa tulipiga vigelegele mpaka watu wa kodi wakachungulia mlangoni. Kisha baba wa mtoto alitununulia sukre, chupa mojamoja, ya baridi. Mtoto ambaye mashahidi wake hawakunywa soda, sisi tulihesabu bado hajaandikwa vizuri.

Karani wa wakati ule, Papa Lukogo, Mungu amlaze, hakumpa shahidi kalamu kabla ya kumuuliza: "Umemuona mtoto?" Na shahidi alijibu kwa sauti: "Nimemuona."

Mimi sikujibu kwa mdomo tu. Kuna baba mmoja alikuja kunichukua, mtoto amemuacha Nyakabere, eti mbali, eti mvua, twende tu mama usaini. Nikamwambia, minye nasaini mtu, sisaini habari. Akasema nina kiburi. Ninacho. Kesho yake akarudi na mtoto amefunikwa nailo, analia, makamasi mpaka kidevuni. Nikamuona, nikasaini. Leo mtoto yule ana ndevu, na akinikuta sokoni ananiita Mama Nimemuona. Mtaa wote umelichukua jina hilo.

Siku hizi hakuna anayegonga mlango wangu. Shahidi anatumiwa ujumbe kwenye telefone, anabonyeza, imekwisha. Mabinti wanabonyeza huku wanasukwa nywele.

Mwanangu mwenyewe ndiye aliyenifungia biro.

Nimecheka nilipoandika hapo. Halafu nikaacha kucheka.

Wiki hii Nadège, mke wa Byamungu, amejifungua. Msichana, mjukuu wangu wa kwanza, Riziki. Nilipiga vigelegele uani peke yangu, kuku wakakimbilia chini ya ghala. Kutoka hapa kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kusema nitapanda lori. Ni ndege, na mimi nauza mchele kwa kopo.

Lakini Byamungu akanipigia: "Mama, shahidi ni weye. Ujumbe utakuja Ijumaa asubuhi, ubonyeze moja tu."

Nililiambia soko zima. Niliwaambia hata wale ambao hawakuniuliza. Mama Zuhura akasema, "Aa, enjeniere ametufikisha Kinshasa bila kuvaa viatu!"

Basi leo nilioga mapema, nikavaa, nikaketi sebuleni kama mgeni, telefone juu ya kigoda mbele yangu. Ujumbe ukaja. Jina la mtoto, la baba, la mama. Bonyeza moja kama unashuhudia. Bonyeza mbili kama huwezi.

Kidole kikasimama hewani.

Ni Papa Lukogo huyo, ameinama kwenye sikio langu. Umemuona mtoto?

Nikafungua picha walizonituma. Blanketi, kofia ya sufu, macho yamefungwa. Watoto wapya wote wanafanana, anaweza kuwa wa jirani. Nikapiga ile simu ya kuonana. Na mvua hii, rezo ya simu inakuja inatoroka. Nikaona blanketi lile lile, nikaona kidole kimoja kidogo kimechomoza nje, kimekunjika kama mbegu ya maharage inayoota. Picha ikaganda hapo. Sauti ikaenda, na picha ikafuata.

Kuona kidole, ni kuona mtoto?

Byamungu akanipigia simu ya kawaida. "Mama, umebonyeza? Ujumbe unakufa saa sita."

"Sijamuona, mwanangu."

"Nimekutumia picha tatu!"

"Aliyeona ni weye uliyepiga picha."

"Mama." Akashusha sauti. "Hii kitu nimeitengeneza minye. Wenzangu wa kazi wako hapa nyuma yangu, wanangoja. Niliwaambia mama yangu yuko Uvira na atamshuhudia mtoto wa Kinshasa, waone vile inafanya kazi. Sasa unataka niwaambie nini?"

Nikasikia sauti yangu ndani ya sauti yake. Majivuno yale hakuyaokota barabarani. Na nilitaka kubonyeza, jamani. Mungu anajua nilitaka. Jina langu na jina la mjukuu wangu, pamoja, mahali pasipofika mchwa.

Nikamuuliza, "Nani anamuogesha mtoto?"

"Mama yake Nadège."

"Basi shahidi awe huyo. Amemuona mpaka kisogoni."

"Lakini yeye hakuomba! Weye ndiye uliyenisumbua miezi yote! Mama, sikiliza. Bibi atakayeingia ndani ya mashine ni yeye, na jina lake halifutiki. Nilifanya lisifutike."

"Najua. Ulifanya vizuri."

Nikabonyeza mbili.

Nikasikia watu wanaongea Kilingala nyuma yake. Akasema sawa Mama, akakata.

Mchana Mama Zuhura akaingia na mwavuli uliovunjika mbavu na chupa mbili za sukre chini ya mtandio, mbio kama mtu anayechelewa harusi. Alikuja kusherehekea. Nikamueleza. Akasema, "Weye kichwa chako ni jiwe la mto Mulongwe. Mafuriko yanapita, lenyewe liko pale pale." Kisha akazifungua zote mbili kwa meno, na umri ule.

"Shahidi ambaye hakusaini anakunywa ya nini?" nikamuuliza.

"Kunywa. Leo shahidi ni minye. Nimekuona weye."

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto, umeme hatuna toka juzi. Amekaa nami kidogo, akaenda kuona kama paa lake linavuja, na nyumba ikarudi kuwa kubwa.

Jioni sasa. Byamungu hajapiga. Simlaumu, wala mashine yake siilaumu. Itawaokoa watoto ambao mimi na saini yangu ya mkia hatukuweza kuwaokoa. Ila najiuliza lile swali moja la Papa Lukogo lilimdondokaje. Mara ngapi nilijibu "nimemuona" yeye yuko mgongoni kwangu, shavu limebana hapa kwenye bega? Nilifikiri limemuingia.

Labda alikuwa amelala.

Riziki atafika hapa siku moja. Atafika anatambaa, au anatembea, au amebeba wake mgongoni, mimi sijui. Kitenge hiki nitakikunja usiku huu na kukiweka juu kabisa ya sanduku, nisije nikakitafuta. Nitamkalisha mlangoni penye mwanga, nitamfungua vidole vyote kimoja kimoja, nikianza na kile tunachofahamiana nacho. Na nitasema kwa sauti: nimemuona.

Hakuna atakayeniuliza. Nitajibu tu.